Paukwa Ndani ya Terminali: Mnyama Pepe na Haki ya Kuitikiwa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii yafaa kufungulia mjadala kuhusu jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halionekani kuwahusu wapenzi wa Kiswahili hata chembe: wanyama pepe wanaoishi ndani ya terminali za kompyuta. Terminali ni lile dirisha la maandishi matupu, aghalabu jeusi, ambamo mwandishi wa programu huandika amri moja baada ya nyingine na kusubiri jibu. Hamna picha humo wala vitufe vya kubofya. Mna herufi, tarakimu na alama basi. Katika upweke wa dirisha hilo, waandishi wa programu wamezoea kujifugia viumbe wa herufi. Yupo ng'ombe wa programu iitwayo cowsay, ambaye hutamka sentensi yoyote anayopewa. Lipo garimoshi linalokatiza skrini mtu anapokusudia kuandika amri ya ls, vidole vikateleza akaandika sl. Wapo pia paka, bata na mazimwi wadogo wanaokaa pembeni ya kazi, wakipepesa macho na kusubiri kulishwa.

Watengenezaji wa viumbe hawa wana hamu moja kuu, nayo ni kuwafanya wawe na mwingiliano zaidi na mtumiaji. Namna wanavyoitekeleza hamu hiyo ndiyo yenye utata. Wengi huongeza mienendo: mnyama aliyekuwa akipepesa macho sasa huruka, huzunguka na kucheza. Wengine huongeza maneno, hata mnyama akawa hanyamazi. Makala haya yanashikilia kwamba njia zote mbili zimekosea lengo. Mwingiliano ni uhusiano wa fanani na hadhira. Wingi wa vitendo au wa kauli hauwezi kuchukua nafasi yake. Iwapo hoja hii ina mashiko, basi suala la mnyama pepe si mali ya wanafunzi wa kompyuta peke yao. Ni suala la fasihi simulizi, na mwanafunzi wa Kiswahili ana la kusema.

Viumbe Wanne na Mafunzo Yao

Hamu ya kuzungumza na mashine si ya jana wala juzi. Mnamo mwaka 1966, Joseph Weizenbaum, mwanazuoni wa taasisi ya MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo kuhusu programu yake iliyoitwa ELIZA. Jina hilo alilitoa kwa Eliza Doolittle, mhusika katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, msichana anayefunzwa kusema kama watu wa tabaka la juu. ELIZA iliigiza mshauri wa nafsi. Iliyachukua maneno ya mtumiaji na kuyageuza kuwa swali: mtu akiandika kwamba ana huzuni, huulizwa kwa nini ana huzuni. Mashine haikuelewa lolote. Hata hivyo, Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyekuwa ameshuhudia programu hiyo ikitengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Jambo hilo lilimkera mwanazuoni huyo kiasi kwamba mwaka 1976 alitoa kitabu, Computer Power and Human Reason, akionya juu ya kazi ambazo binadamu hapaswi kuikabidhi mashine.

Kiumbe wa pili ni Tamagotchi, aliyetolewa na kampuni ya Bandai nchini Japani mwezi Novemba mwaka 1996. Huyu alikuwa yai dogo la plastiki lenye vitufe vitatu na kiskrini. Hakuwa na lugha ila milio. Nguvu yake ilikuwa katika kuhitaji: alisikia njaa, alijichafua, aliugua, na akiachwa bila kutunzwa alikufa. Mamilioni ya watoto ulimwenguni walimlea. Sherry Turkle, katika kitabu chake Alone Together cha mwaka 2011, anaeleza kwamba binadamu hukipenda kile anachokilea, hata kama anajua fika kwamba hakina uhai.

Kiumbe wa tatu ni Clippy, kile kibanio cha karatasi chenye macho kilichokuja na Microsoft Office 97. Clippy alikuwa na maneno mengi ya msaada, lakini aliyatoa bila kuombwa na bila kukumbuka kwamba jana alikataliwa. Mtu akianza kuandika barua, kibanio kilizuka kumwuliza kama anataka kusaidiwa kuandika barua. Watumiaji walimchoka. Katika toleo la mwaka 2001 alikuwa amezimwa tangu mwanzo, na kufikia toleo la mwaka 2007 alikuwa ameondolewa kabisa.

Kiumbe wa nne si programu. Ni bata wa mpira, yule wa kuchezea bafuni. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, walimtaja kama mwenzi wa mwandishi wa programu. Mtu aliyekwama humweleza bata msimbo wake mstari kwa mstari, na mara nyingi kabla hajafika mwisho, kosa hujifichua lenyewe. Bata hajasema neno. Aliyesaidika amesaidiwa na kule kusimulia.

Ukiwapanga viumbe hawa pamoja, msomaji, picha inajitokeza. Eliza aliuliza, Tamagotchi alihitaji, Clippy alikatiza, na bata alisikiliza. Clippy ndiye aliyekuwa na maneno mengi ya msaada kuliko wenzake, naye ndiye aliyechukiwa. Bata asiye na neno hata moja bado yuko mezani pa waandishi wa programu. Hapa pana fumbo ambalo haliwezi kufumbuliwa kwa kuongeza mienendo.

Mwingiliano kwa Mizani ya Fasihi Simulizi

Neno mwingiliano si geni kwa mwanafunzi wa fasihi. M. M. Mulokozi, katika kufafanua tanzu za fasihi simulizi, anaiona fasihi hiyo kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Kabla yake, Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970, Oral Literature in Africa, alisisitiza kuwa kazi simulizi haiwezi kueleweka nje ya utendaji wake na nje ya hadhira inayoipokea. Kwa mujibu wa mikabala hii, hadithi haimo katika maneno peke yake. Imo baina ya anayesema na anayesikia.

Mtambaji anapotamka "Paukwa!" na hadhira isiitikie "Pakawa!", hadithi haianzi. Mwitiko huo ni ridhaa: hadhira imetoa idhini ya kusimuliwa, na mtambaji amepewa kazi. Usimulizi unapoendelea, mtambaji huangalia nyuso. Watoto wakisinzia, wimbo huingizwa mapema. Wakicheka, tukio hurefushwa. Akiingia mgeni, mhusika mkuu huenda akapewa tabia za mgeni huyo. Kwa hiyo fanani hubadilishwa na hadhira yake papo hapo, na hilo ndilo jambo ambalo chapa ya kitabu haiwezi kulifanya.

Kutokana na maelezo haya, kipimo rahisi cha mwingiliano chaweza kupendekezwa. Kila kauli au kitendo cha mnyama pepe kiulizwe hivi: je, kingekuwa tofauti lau mtumiaji angekuwa amefanya jambo jingine? Ikiwa jibu ni la, basi hicho ni pambo. Paka anayeruka kila baada ya sekunde mbili, mwenye paka awe amefaulu au ameshindwa, awe yupo au amekwenda kulala, hana mwingiliano hata akiruka kwa ustadi wa kupindukia. Kwa kipimo hicho hicho, lile garimoshi la kosa la sl, ingawa ni mzaha, linawapita paka wengi, kwa kuwa huja kwa sababu mtu fulani amefanya jambo fulani.

Sikio Kabla ya Mdomo

Yamkini msomaji atauliza: mnyama aliyefungwa ndani ya dirisha la herufi atamsikiaje bwana wake? Jibu ni kwamba terminali imejaa ishara ambazo watengenezaji wengi huzipuuza. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ambayo chimbuko lake ni maabara za Bell mwaka 1969, kila amri inapomaliza kazi yake huacha nyuma tarakimu. Sifuri huashiria kwamba kazi imekamilika salama, na tarakimu nyingine yoyote huashiria hitilafu. Tarakimu hiyo haionekani kwenye skrini, lakini programu nyingine yaweza kuisoma. Kwa mnyama pepe, hilo ni kama uso wa hadhira. Akiisoma, atajua kwamba mwenzake amejaribu jambo moja mara nne na kushindwa mara nne, au kwamba baada ya saa nzima ya kushindwa, sasa amefaulu.

Kuna suala la kiufundi linalofaa kutajwa, kwa kuwa linagusa hoja yenyewe. Programu sahili huuliza swali kisha husimama tuli hadi mtu aandike jibu. Mnyama wa namna hiyo hawezi kupumua wakati anaposikiliza. Ili afanye yote mawili, programu yake lazima izunguke bila kukoma: iangalie kama kuna kilichocharazwa, iangalie saa, ichore upya mnyama panapohitajika, kisha irudi mwanzo. Katika kila mzunguko, mtengenezaji ana hiari ya kumfanya mnyama atende au atulie. Kosa la wengi ni kudhani kwamba kila mzunguko ni fursa ya kutenda. Mtambaji hodari hajazi kila pumzi kwa neno. Ajua kutua, na kituo chake husikika.

Mahali nako kuna uzito wake, kama alivyoona Mulokozi. Terminali ya VT100, iliyotolewa na kampuni ya DEC mwaka 1978, ilikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 za herufi kila mmoja, na vipimo hivyo vimeendelea kurithiwa na madirisha ya leo. Hiki ni kiwanja kidogo. Mnyama anayekalia mistari kumi amempokonya mwenzake karibu nusu ya ukumbi. Fauka ya hayo, matokeo ya amri moja mara nyingi hupelekwa moja kwa moja kwa amri nyingine ili yafanyiwe kazi zaidi. Mnyama akiingiza salamu zake katikati ya mkondo huo, ameharibu kazi. Mgeni mwema ajua mkeka wake uko wapi.

Inapendekezwa, basi, kwamba mnyama pepe apewe sikio kabla ya kupewa mdomo. Kosa la kwanza alikute kimya, kwa maana kila mwandishi wa programu hukosea na kujirekebisha mwenyewe. Kosa hilo hilo likijirudia mara ya tatu, ainue kichwa. Hatua ya kuinua kichwa pekee, bila neno, ni ujumbe tosha: nimeona. Maneno yaje baadaye, tena kwa ridhaa.

Kitendawili! Tega!

Ridhaa hiyo yaombwe vipi? Hapa ndipo Kiswahili kina hazina ambayo Eliza na Clippy hawakuwa nayo. Utanzu wa vitendawili ni majibizano kwa asili yake. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!" Fumbo hutolewa. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa mji, huuzuru kwa maneno, hujisifu kwa aliyoyaona huko, kisha hutoa jibu. Mfumo huu una hatua zote anazozihitaji mnyama wa terminali: mwaliko, ridhaa, tatizo, jaribio, njia ya heshima ya kukiri kushindwa, na ufumbuzi.

Tuchukulie mwanafunzi anayejifunza lugha ya Python. Ameandika jina la kigezo ambacho hakukipa thamani mahali popote. Kompyuta inamjibu kwa Kiingereza kwamba jina halikufafanuliwa, na inamwonyesha mstari. Anajaribu tena na tena bila kuona kosa. Mnyama pepe, tuseme ni kuku wa herufi, anainua kichwa.

"Kitendawili!"

Mwanafunzi akitaka, anaandika "Tega". Asipotaka, anaendelea na kazi yake, na kuku anarudi kudonoa. Akiwa ametegewa, anasoma:

"Umeniita mbele ya watu kwa jina ambalo hukunipa."

Mwanafunzi aliyesahau kufunga mabano atategewa hiki: "Nimefungua mlango nikaingia, mbu nao wakaingia nyuma yangu." Yule aliyeomba kipengele cha kumi na moja katika orodha ya vipengele kumi ataambiwa: "Nina viti kumi, nimealika mgeni wa kumi na moja." Na yule ambaye kitanzi chake cha amri hakina mwisho atategewa hivi: "Nazunguka mti, kivuli changu chanifuata, sote hatujafika." Akishindwa, anaandika jina la mji, tuseme Lamu. Kuku anaondoka kwenye skrini, anapotea kwa muda mfupi, kisha anarejea na kutoa jibu kwa Kiswahili sanifu, pamoja na mstari unaostahili kurekebishwa.

Yapo mambo matatu ya kutazamwa katika mfano huu. Kwanza, fumbo halimpi mwanafunzi jibu, bali humrudisha kwenye msimbo wake kwa jicho jipya. Hiyo ndiyo kazi ya yule bata wa mpira, sasa ikifanywa kwa lugha. Pili, kushindwa kumepewa adabu yake. Anayetoa mji hajaitwa mjinga. Amefuata kanuni ya mchezo ambao mabibi na mababu waliucheza jioni. Tatu, ule muda ambao kuku ametoweka akizuru mji ni pumziko kwa mtu aliyekodolea skrini macho kwa saa nzima. Fauka ya yote, kuku amechaguliwa kwa sababu. Katika maboma mengi ya Kenya, mnyama hufugwa kwa kazi: mbwa hulinda, paka hukamata panya, kuku hudonoa wadudu. Nao waandishi wa programu, kwa kufuata Kiingereza, huliita kosa la programu mdudu. Mwaka 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo halisi ndani ya mashine yao, wakambandika katika daftari la kumbukumbu. Kuku hangekuwa na njaa pale.

Ngeli ya Kiumbe Asiye na Pumzi

Suala la lugha haliishii katika fumbo. Mnyama pepe atawekwa katika ngeli gani? Je, "kuku amelala" au "kuku imelala"? Sarufi ya Kiswahili huwapa wanyama wote upatanisho wa A-WA, hata majina yao yakiwa na umbo la ngeli nyingine: kifaru amelala, kiboko amelala. Programu, kwa upande wake, ni ya I-ZI. Mtengenezaji anayeandika ujumbe wa Kiswahili hawezi kukwepa uamuzi huu, kwa kuwa kila kitenzi kitamdai kiambishi.

Msimamo wa makala haya ni kwamba mnyama anapocheza nafsi yake ndani ya mchezo apewe A-WA, kama vile Sungura na Fisi wanavyopewa katika ngano ingawa hakuna msikilizaji anayeamini kwamba fisi aliwahi kusema. Lakini mchezo unapokoma, yaani mtumiaji anapouliza programu inahifadhi nini, inasoma nini na inafutwaje, upatanisho urudi I-ZI. Kwa njia hii, sarufi yenyewe inamkumbusha mtu mpaka uliopo kati ya ngano na chombo. Katibu wa Weizenbaum hakuwa na mpaka huo. Kiswahili kinao tayari, katika silabi moja.

Mipaka ya Mapenzi

Mpaka huo una umuhimu kwa kuwa mapenzi ya binadamu kwa mashine si ya kuigiza. Kampuni ya Sony ilianza kuuza mbwa wa kimashine aitwaye AIBO mwaka 1999 na ikaacha kumtengeneza mwaka 2006. Huduma za ukarabati zilipokoma mwaka 2014, wenye mbwa hao nchini Japani waliwapeleka katika hekalu moja la Kibudha mkoani Chiba wafanyiwe ibada ya mazishi. Anayetengeneza kiumbe cha kupendwa ana wajibu kwa yule atakayependa.

Wajibu wa kwanza ni kutomtia mtumiaji hatia. Wapo wanaoona kwamba mnyama atakuwa na mwingiliano mkubwa zaidi akisikia njaa siku ambayo mwenzake hakuandika programu, na akifa baada ya siku tatu. Huo ni urithi wa Tamagotchi, na haufai. Mwanafunzi anayetumia kompyuta ya maabara kwa zamu, au ambaye stima imepotea kwao tangu Ijumaa, atarudi Jumatatu akute maiti. Amemkosea nani? Njaa ya mnyama wa terminali isihesabiwe kwa saa za ukutani, bali kwa vikao vya kazi. Mwenzake asipokuwepo, mnyama na alale, na atakapoamshwa aseme "Karibu tena", asiulize "Ulikuwa wapi?" Salamu ya kwanza ni ya mwenyeji na ya pili ni ya askari.

Wajibu wa pili ni siri. Mnyama mwenye sikio husikia mengi. Anayesoma kila amri anaweza kusoma pia nywila na majina ya mafaili ya watu. Basi asikie tu kile anachohitaji, yaani tarakimu ya matokeo na aina ya kosa, akihifadhi ndani ya kompyuta ile ile bila kukipeleka kokote. Wajibu wa tatu ni kwa wasioona. Mtu anayetumia programu inayosoma skrini kwa sauti atasomewa kila mkwaju na kila nukta iliyoundia mabawa ya kuku. Kwake, mchoro ni kelele. Lazima mnyama aweze kuishi kwa maneno matupu, na hili si gumu: watambaji hawakuwa na michoro.

Pingamizi na Majibu

Wapo watakaodai kwamba huu ni mchezo wa watoto usiostahili kurasa za jarida la wasomi. Hao wakumbushwe kwamba vitendawili navyo viliitwa mchezo wa watoto, na leo hutahiniwa vyuoni. Wengine watasema kwamba tangu mwisho wa mwaka 2022, programu za akili unde zimeweza kujibu swali lolote kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na kwamba baadhi yazo sasa hufanya kazi ndani ya terminali yenyewe. Kwa nini mtu ahangaike na kuku wa vitendawili? Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, programu kubwa za namna hiyo aghalabu huhitaji intaneti na mara nyingi malipo, na hutoa jibu kamili kabla anayejifunza hajafikiri. Kuku anayependekezwa hapa anatoshea katika faili moja dogo, hahitaji mtandao, na hutega kabla ya kutegua. Isitoshe, kila kauli yake imeandikwa na mtu anayejulikana, aliyeipima maana na adabu yake. Kuku huyu hatazishinda programu hizo kwa maarifa, wala hashindani nazo. Kazi yake ni kumfanya mwanafunzi asimulie.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: kwamba programu zimeandikwa kwa Kiingereza, na anayejifunza hana budi kukijua. Ni kweli kwamba maneno ya msingi ya Python yatabaki ya Kiingereza. Lakini kuzungumza kuhusu kosa ni jambo jingine. Mwaka 2004, Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba menyu na ujumbe wa programu za ofisini vyaweza kuwa vya Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2022, Kenya iliidhinisha mtaala wa kufunza uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Mtoto wa darasa la tano atakayekutana na ujumbe wa kosa kwa mara ya kwanza atauliza umesema nini. Akijibiwa kwa lugha anayoifahamu, ataona kwamba amekosea mabano. Asipojibiwa, huenda akaamini kwamba amekosea kuwa hapo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mnyama pepe wa terminali hapati uhai kwa kuongezewa miruko wala maneno. Anaupata pale anaposikiliza, anapoomba ridhaa, anapokubali kubadilishwa na anayezungumza naye, na anapojua kunyamaza. Sifa hizo zote zimefunzwa kwa muda mrefu katika madarasa ya fasihi simulizi, bila mtu kudhani kwamba zingehitajika mbele ya kompyuta.

Kazi iliyopo ni ndogo na inawezekana ndani ya muhula mmoja. Wanafunzi wa Kiswahili wakae na wenzao wa sayansi ya kompyuta. Waorodheshe makosa ishirini yanayowakwamisha wanaoanza kujifunza programu. Kila kosa litungiwe vitendawili vitatu, ili fumbo moja lisichujuke kwa kurudiwa. Wahadhiri wavipime lugha na mantiki. Kisha kuku apelekwe maabara, na watungaji wakae kando watazame: ni fumbo lipi lililomfanya mtu atabasamu na kurudi kwenye mstari wake, na ni lipi lililomfanya amzime kuku? Fumbo la pili lifutwe bila huruma, kwa kuwa hadhira imekwisha kusema. Kosa la programu ni chawa mgumu, na kidole cha pili tunacho.